Nchi Iliyokataza Kuchapa

Hapo juzijuzi, wala si zamani za kale, maana ukoko wa chungu nilichopikia siku ile bado nimeuroweka, palikuwa na nchi. Jina lake silitaji. Nchi ile ukiitaja inageuka kukutazama, na ikishakutazama inakuuliza kitambulisho. Niseme tu kwamba ina milima, ina mto, ina bendera yenye rangi nyingi kuliko nguo za watu wake, na ina Waziri wa Elimu, Utamaduni na Mambo Yaliyosalia. Waziri huyo aliitwa Mheshimiwa Kitwana Mbwembwe.

Mheshimiwa Mbwembwe alikuwa mtu mwema. Nasema hivyo kwa sababu ilikuwa imeandikwa kwenye ukuta wa wizara yake kwa rangi ya mafuta, na rangi ya mafuta ni ghali, mtu hawezi kuipoteza kuandikia uongo.

Basi mwaka ule alisafiri kwenda nchi za baridi kutazama namna wenzetu wanavyosomesha watoto. Akarudi na koti la manyoya na mawazo mapya. Koti alishuka nalo kwenye ndege, jua la saa sita mchana, wala hakulivua mpaka wapiga picha walipotosheka. Mawazo aliyatoa kesho yake kwenye uwanja wa mpira.

"Ndugu wananchi," alisema, "nimeona shule ambazo mtoto hapigwi hata kofi. Mtoto anauliza, mwalimu anajibu. Mtoto anacheza, mwalimu anacheza. Nimeguswa. Nimeguswa sana. Kwa hiyo kuanzia leo, katika nchi hii, ni marufuku kuchapa..."

Alitaka kuendelea. Sisi tuliokaa karibu na jukwaa tuliiona midomo yake ikitamka jambo jingine, na bila shaka lilikuwa "watoto shuleni". Lakini umeme ulikatika, kama ulivyo mtindo wake anapohutubia kiongozi, na kipaza sauti kikafa. Katibu Mkuu wake, Bwana Tamimu, akaandika alichokisikia. Na katika nchi ile neno la Waziri haliongezwi maji wala halipunguzwi chumvi.

Tangazo likatoka: NI MARUFUKU KUCHAPA. Lilitoka kwa mdomo tu, mtaa kwa mtaa, maana walipotaka kulichapa kwenye karatasi waligundua kwamba haiwezekani.

*

Wa kwanza kutii walikuwa wafanyakazi wa serikali. Kwa miaka mingi walikuwa wakihimizwa kuchapa kazi, na kila ofisi ilikuwa na bango lenye maneno hayo. Asubuhi ile mabango yakateremshwa na kazi ikasimama.

"Tungependa sana, mama," karani wa ardhi aliniambia nilipokwenda kuulizia kiwanja cha marehemu mume wangu. "Tungependa mno. Lakini sheria ni sheria."

Aliyasema kwa huzuni, kidevu juu ya kiganja, na huzuni hiyo ikamchukua taratibu mpaka akakoroma.

Kukoroma kwake nako kukaleta mjadala, kwa sababu wapo waliosema kwamba anayelala ofisini anachapa usingizi. Ikaundwa Kamati ya Maneno. Ikakaa kwenye hoteli yenye bustani na kasuku, ikala pilau, ikaagiza pilau nyingine, kisha ikatoa uamuzi: usingizi wa kazini hauchapwi, unauma tu wenyewe kama njaa, kwa hiyo ni halali. Ila wananchi walitahadharishwa kuhusu usingizi wa majumbani.

Askari nao walijaa barabarani. Mmoja alinisimamisha karibu na soko la ndizi, nimebeba kikapu kichwani.

"Mama, naona unachapa mguu."

"Hapana, baba. Natembea."

"Kwa mwendo gani?"

"Mwendo wa goti bovu."

Akalitazama goti, akalizunguka, akaniambia nipite. Kijana aliyekuwa nyuma yangu, mwenye magoti mazima, alikamatwa.

Kisha ikaja zamu ya vitabu. Mtu mmoja kwenye Kamati, msomi sana, alieleza kwamba vitabu vyote vya shule vimechapwa, tena vingine vimechapwa mara ya pili na ya tatu, na ushahidi umo ndani yao wenyewe, ukurasa wa kwanza. Mwenye kuchapwa ni majeruhi. Basi vitabu vikakusanywa shule zote na kupelekwa zahanati kutibiwa. Nilikwenda na kikohozi changu nikavikuta vimelala vitandani, vimefunikwa shuka, vya hesabu wodi ya wanaume na vya uzazi na malezi wodi ya akina mama. Sisi wagonjwa tulikaa chini. Muuguzi alipita kunong'ona tusipige kelele, vile vya historia havijapata usingizi tangu viletwe.

Mtauliza, na fimbo je? Hata walimu wakuu waliuliza. Walikwenda kwenye Kamati kwa heshima zote, kofia mikononi.

"Ninyi shuleni," Mwenyekiti aliwauliza, "watoto mnawafanya nini?"

"Tunawacharaza, Mwenyekiti."

"Mnawachapa?"

"Mara nyingi tunawacharaza. Darasa la sita huwa tunalitandika."

Mwenyekiti akapekua sheria nzima, ambayo ilikuwa neno moja, akasema kucharaza hakumo, kutandika hakumo. Waendelee. Wakaendelea. Mimi niliishia darasa la nne, lakini nilifurahi kuona wasomi wanavyoijali lugha.

*

Sasa nimlete Mwanjaa, maana hadithi hii kwa kweli ni yake.

Mwanjaa alikuwa msanii, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Alikuwa akichonga picha kwenye ubao wa mvule kwa patasi ndogo kama kijiko cha dawa, anapaka wino, anaweka karatasi, anachapa. Alikuwa na picha ya mbuzi waliovaa tai wakijadili majani. Alikuwa na picha ya foleni ya maji inayoanzia bombani na kuishia kwenye mwezi. Mashine yake aliirithi kwa shangazi yake aliyemlea: chuma cheusi, kizito, chenye gurudumu la mkono kama cherehani ya jitu. Asubuhi alikuwa akiipaka mafuta kabla hajajipaka yeye.

Bwana Tamimu alikuja na askari na utepe mwekundu.

"Mashine hii," alisema, "ni mchapaji sugu."

"Bwana Tamimu, haina mkono. Inamchapa nani?"

"Karatasi."

"Karatasi imelalamika?"

"Karatasi haijafundishwa haki zake, dada. Ndiyo maana serikali ipo."

Akazungusha utepe kwenye gurudumu, akaugonga muhuri wa lakiri, na papo hapo akaeleza kwamba mpunga ukishavunwa itakuwa Sikukuu ya Kutochapa, na wageni wa nchi za baridi watahudhuria. Inahitajika sanamu ya Mheshimiwa. Nchi haina chuma, ila hicho. Kwa hiyo siku chache kabla ya sikukuu, mashine itaingia tanuri.

Mwanjaa hakulia. Alichukua kitambaa akaipangusa mashine pale ambapo utepe haukufika.

"Shangazi aliniachia kitu kimoja duniani," aliniambia kwenye ua baadaye, tukichambua mchicha. "Nikiwa na nyumba nikakosa hii, bibi, sina nyumba."

Nikamwambia Mungu yupo. Akasema yupo, lakini Tamimu ana funguo za lori.

*

Katika mtaa wetu kulikuwa na shule ndogo, Shule ya Msingi Kisima cha Chumvi, ambako mjukuu wangu Kidawa alikuwa akisoma. Mwalimu wake aliitwa Semboja. Huyu tangu zamani alikuwa hana fimbo. Alisema ikimpiga mtoto inamwumiza bega yeye. Wenzake walimwona kama mtu anayekula wali bila chumvi.

Vitabu vilipokwenda zahanati, Mwalimu Semboja alimjia Mwanjaa. "Niazime mbao zako, mwanangu. Zenyewe hazijachapwa. Zilikuwa zinachapa tu."

Mwanjaa akamwazima, na kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine akazisindikiza, akakaa dawati la nyuma, magoti yamegusa kidevu.

Somo lilikwenda kichwa chini miguu juu. Vitabu vilikuwa na maswali, na watoto wakitafuta majibu. Mwalimu Semboja alisema maswali yote yamelazwa wodini, yeye amebakiwa na majibu kichwani, kwa hiyo watoto watafute maswali.

"Jibu ni kumi na mbili," alisema. "Nani ana swali?"

"Miezi ya mwaka ni mingapi?"

"Mitume?"

"Siku ya harusi ya mjomba," akasema Kidawa, "kitanda cha bibi tulilala wangapi?"

"Yote sawa. Sasa jibu ni chai."

Mikono ikapanda kama mahindi baada ya mvua.

"Mama anakunywa nini asubuhi?"

"Afande alimwambia baba ameona kiu ya nini?"

Mwalimu akakohoa, akasema hilo nalo ni swali sahihi, ila litajwe kwa sauti ndogo.

Mbao nazo zilimshangaza mwenyewe aliyezichonga. Mchapaji huandika herufi zote kinyume, ili karatasini zitoke sawa. Mtu mzima akiutazama ubao ule anaumwa kichwa. Wale watoto walizisoma kwa vidole mbio, kama wanaosoma majina yao.

"Nani amewafundisha?" Mwanjaa aliuliza.

"Tunaongea kinyume kila siku," Kidawa alimjibu, akimwonea huruma. "Hukucheza wewe ulipokuwa mdogo? Unachukua neno unaanza na mkia. Lima ni mali. Kazi ni zika. Raha ni..." Akanitazama mimi niliyekuwa dirishani nimemletea kiporo, akanyamaza. Nanyi raha mtaigeuza wenyewe.

Siku ile Mwanjaa alirudi nyumbani anatembea kama mtu aliyebeba maji ya kujaa. Akaanza kuchonga. Hakuwa na mashine, kwa hiyo hakuchonga kwa ajili ya karatasi. Alichonga majibu yasiyo na maswali. Alichonga birika kubwa limekaa peke yake kwenye kiti cha ofisi. Alichonga kiatu kimoja mbele ya mlango uliofungwa. Akazitundika mbao zenyewe kwenye ghala la shule lililokuwa la mahindi, na kila aliyeingia ilimbidi aguse kwa vidole na atoe swali lake. Mama mmoja aliushika ule ubao wa kiatu, akasimama muda mrefu, akauliza, "Kwani alisema anarudi lini?" Akatoka anafuta macho kwa upindo wa kanga.

*

Habari zikafika mjini, na wasanii wa mjini wakahamasika.

Walikuja wengi. Wachongaji wenye ndevu, wachoraji wa hoteli, na bwana mmoja aliyesema sanaa yake ni yeye mwenyewe. Walivaa kaptula za bluu na soksi mpaka magotini, wakajibana kwenye madawati ya darasa la kwanza, wakanyoosha vidole.

"Tumekuja kujifunza upya," walisema. "Tumechoshwa na tunachokijua."

"Karibuni," Mwalimu Semboja aliwaambia. "Kujifunza hapa huanza na kufagia."

Wakafagia. Yule mwenye ndevu kuliko wote alivunjika moyo karibu na choo, lakini jioni akaomba ufagio uwe wake, akaupeleka mjini, akauweka katikati ya chumba cheupe na kuuita "Vumbi Linauliza". Watu walisimama mbele yake wakishika videvu. Mwenzake akaonyesha dawati tupu. Wa tatu akaonyesha chumba tupu na kusema dawati liko nyumbani, na huyo ndiye aliyesifiwa zaidi. Yule ambaye sanaa yake ni yeye mwenyewe aliangushwa mtihani wa darasa la kwanza, akaupokea uamuzi huo kama tuzo.

Darasani Kidawa alikuwa amekaa na mmoja wa wale wachoraji wa hoteli.

"Mjomba, unachora nini?"

"Nachora kama mtoto."

"Mbona mimi sichori hivyo?"

"Wewe bado hujasomea," alimjibu.

Katikati ya vurumai hiyo akahamia mtoto mpya, Hidaya, kutoka shule kubwa ya ng'ambo ya mto. Siku nyingi hakusema. Halafu asubuhi moja alinyoosha kidole.

"Mwalimu, mimi nina jibu, sina swali."

"Lilete, mama."

Akageuka, akaonyesha vigimbi vyake. Alama zilikuwa zimepandana, za zamani chini ya za karibuni, kama njia za mchwa.

Mwalimu Semboja akauliza kwa sauti ya kawaida nani ana swali. Darasa zima, pamoja na wenye ndevu, likatazama sakafu. Mwishowe Hidaya akajitolea swali mwenyewe.

"Kucharaza si kuchapa?"

Mwanjaa aliondoka darasani kabla kengele haijalia. Patasi aliishika mkononi njia nzima, na askari wa soko la ndizi hakumuuliza mwendo.

*

Mpunga ulipoanza kuinamisha vichwa, ikaja salamu kutoka kwa wageni wa nchi za baridi: wamesikia habari za shule isiyo na vitabu na wasanii wanaojifunza upya, wana hamu ya kuiona, na wanampongeza Waziri kwa ubunifu wake. Mheshimiwa Mbwembwe hakuwa amewahi kuisikia shule hiyo. Alikuja siku hiyohiyo kuianzisha.

Alikuja na koti lake la manyoya. Alishika ubao wa birika, akauliza chai iko wapi, akaambiwa hilo ni swali zuri. Akafurahi. Kisha akakaa chini na Bwana Tamimu na kusema la moyoni: wageni hawawezi kuondoka mikono mitupu. Kila mmoja apewe picha ya Mheshimiwa mwenyewe, kubwa, yenye maneno chini.

"Haiwezekani, Mheshimiwa," Bwana Tamimu alisema. "Italazimu kuchapa."

"Ichorwe kwa mkono."

"Wasanii wote wako darasa la kwanza, Mheshimiwa. Wanachora nyumba na jua."

"Kamati itafute neno."

Kamati ilikuwa imekwisha kukaa, na ilikuwa imekwisha kula. Haikupata neno.

Kidawa alikuwa akifagia karibu yao, na mtoto huyo nimemlea mwenyewe, hajui kupita mazungumzo ya watu bila kuingia.

"Babu, mashine ya shangazi Mwanjaa haichapi. Inapacha."

"Inafanyaje?"

"Chapa kwa kinyume ni pacha. Ubao unazaa karatasi, karatasi inafanana nao ila imegeuka. Ubao Kulwa, karatasi Doto. Ni mapacha tu, hakuna aliyepigwa."

Waziri akamtazama Tamimu. Tamimu akapekua sheria nzima, upande wa mbele na upande wa nyuma. Kupacha hakumo.

"Kinyume," Mheshimiwa alisema polepole, kama anayeonja tende. "Na jina langu kwa kinyume?"

Watoto wakasogea. Mbwe, mbwe. Wakaligeuza, wakaligeuza tena.

"Mbwembwe," Kidawa akasema. "Haligeuki."

Mheshimiwa akasimama, machozi yakimlenga. "Mnaona? Hata kinyume kinaniheshimu." Na palepale akajitangaza Baba wa Kinyume, akasema ni wazo alilokuwa nalo tangu utotoni, na Bwana Tamimu akaandika.

Utepe ukakatwa. Lakini Bwana Tamimu alimwambia Mwanjaa sharti lenyewe mlangoni, akihesabu kwa vidole. Mashine itapacha picha ya Mheshimiwa na si kitu kingine. Ikimaliza, inapandishwa lori. Sanamu haijafutwa, imesogezwa tu, itasimamishwa wageni wakiwa bado wapo.

"Ndiyo kusema imetolewa kaburini ije kupika karamu," Mwanjaa alisema.

"Umelisema vizuri, dada. Lingefaa kuchapwa."

*

Ubao alioufanya Mwanjaa ulikuwa mpana kama mlango. Nilimpelekea uji, nikauona. Katikati alikuwa Mheshimiwa, tumbo, koti, kila unywele wa manyoya, akivunja fimbo kwenye goti lake. Chini yake maneno, mistari mitatu, yote kinyume.

"Umeandika nini?" nilimuuliza.

"Jibu la Hidaya."

"Wakikujua?"

"Watachukua mashine." Akapuliza vumbi la mbao kutoka kwenye herufi. "Si wanaichukua hata hivyo, bibi? Basi iondoke imesema."

Mheshimiwa akaja kukagua. Alizunguka ubao, mikono nyuma. Sura aliipenda. Akauliza ile fimbo anaifanyaje, akaambiwa anaivunja, akasema ana nguvu kweli. Kisha akafika kwenye maneno. Akainamisha kichwa kushoto. Akakiinamisha kulia. Bwana Tamimu naye akainamisha chake kwa pembe ileile.

"Imeandikwa kinyume, Mheshimiwa," Mwanjaa alisema. "Kama kuna neno halisomeki, nielekezeni."

Ningekuwa mimi ningesema sioni bila miwani. Lakini mimi si Baba wa Kinyume.

"Linasomeka lote," Mheshimiwa alisema. "Hasa lile la katikati."

"Hasa lile," Bwana Tamimu akaitikia, akagonga muhuri wa wizara pembeni mwa ubao.

Watoto wa Mwalimu Semboja walikuwa wamejipanga dirishani na walikuwa wameshausoma wote mara ya pili. Hakuna aliyefumbua mdomo. Watu husema watoto hawaweki siri. Ni kwa sababu hawapewi siri ya maana.

*

Sikukuu ya Kutochapa ilikuwa na jua na tarumbeta. Wageni walikaa chini ya turubai, wekundu kama nyanya, wakitabasamu. Jukwaa la sanamu lilikuwa tayari, tupu, limepakwa chokaa. Mashine ya Mwanjaa ililetwa uwanjani iwe maonyesho, na nyuma yake lilisimama lori, injini inanguruma, tayari kwa safari ya tanuri.

Wasanii wa mjini walikuwepo na kaptula zao. Mheshimiwa alihutubia kuhusu utoto wake na umeme haukukatika. Kisha Mwanjaa akapaka wino, akalaza karatasi, akazungusha gurudumu, akainua. Uwanja ukaguna. Waziri alikuwa pale mzimamzima na goti lake. Karatasi zikafuatana, watoto wakizigawa, kwa wageni, kwa walimu wakuu, kwa Kamati ya Maneno, kwa wauza karanga.

Kiongozi wa wageni, mama mrefu mwenye kofia ya ukili, alimwomba mkalimani wake amsomee maneno. Mkalimani alianza, akasita, akamtazama Waziri. Yule mama akaona ni heri amuulize mtoto mwenyewe, akamnyooshea Kidawa kidole.

Kidawa akasoma kwa sauti aliyorithi kwa babu yake aliyekuwa mpiga mnada:

"Kuchapa, kucharaza, kutandika, kunyuka, kutia adabu. Yote ni mapacha. Yote marufuku."

Mheshimiwa akachukua karatasi kutoka mkononi mwa Tamimu. Akaisoma. Sasa ilikuwa imenyooka na hapakuwa na pa kuinamishia kichwa. Walimu wakuu walikuwa wakiisoma pia, na mmoja, yule wa ng'ambo ya mto, aliupitisha mwanzi aliokuwa nao nyuma ya mgongo, akauachia uanguke taratibu kwenye nyasi kana kwamba si wake.

Nilimtazama Mwanjaa. Alikuwa ameshika gurudumu kwa mikono miwili, kama mtu anayeaga.

Lakini mkalimani alikuwa ameshatafsiri, na wageni walikuwa wameshasimama. Walipiga makofi mpaka turubai likatikisika. Yule mama wa kofia alifuta macho, akasema kwa mkalimani wake kwamba ameona nchi nyingi, hajaona Waziri jasiri kiasi cha kutaja majina yote.

Mheshimiwa akafumba macho kidogo. Alipoyafumbua alikuwa jasiri.

"Hilo," alisema, "ndilo neno lile la katikati."

"Na kila shule nchini itapata picha hii?"

"Kila shule."

"Na kila darasa?"

Makofi yalikuwa yakiendelea, na Mheshimiwa Mbwembwe hajawahi kukatisha makofi. "Kila darasa," alisema. "Kila mlango. Pande zote mbili."

Bwana Tamimu akaandika, kisha kalamu ikasimama, akageuka kulitazama lori, halafu mashine. Kwa shule zilivyo nyingi katika nchi ile, na madarasa yalivyo, na milango, hata ile ambayo madarasa yake bado hayajajengwa, alikuwa akijaribu kuona ni lini kazi hiyo itakwisha. Nilimwona anakata tamaa. Akamwashiria dereva azime injini.

*

Mashine ya shangazi iko upande wa pili wa ukuta wangu mpaka leo, na mchana kutwa nasikia gurudumu lake, kwi, kwi, likipacha. Siku moja Bwana Tamimu alikuja na utepe mwekundu kujaribu bahati. Akakuta pale palipokuwa na muhuri pamebandikwa picha ya Mheshimiwa akivunja fimbo. Kugonga lakiri kwenye paji la uso la Waziri ni kosa la uhaini. Alikunywa maji, akaondoka.

Vitabu viliruhusiwa kutoka zahanati, vingine na dawa za kwenda nazo. Jukwaa la sanamu lilibaki tupu, na watoto hulipanda kutoa majibu yao. Wasanii wa mjini walirudi makwao wamefaulu kwenda darasa la pili, isipokuwa yule mmoja, ambaye anarudia. Hidaya anachonga kwa Mwanjaa kila Jumamosi; juzi amechonga mguu mmoja, kigimbi kitupu, laini, hakina kitu. Nimeugusa, na bado natafuta swali lake.

Kamati ya Maneno, nasikia, inakutana tena kwenye ile hoteli ya kasuku. Walimu wakuu wameomba itafute neno ambalo halimo kwenye picha. Wamekula pilau mpaka mpishi amehama, na hawajalipata.

Mimi ninalo moja. Ni la kwetu, la zamani, marehemu bibi yangu alilitumia nilipofanya kosa, akiutazama ufito uliochomekwa kwenye paa. Halimo kwenye ile picha wala halimo kwenye kamusi. Nimeandika hadithi nzima, ndefu hivi, na hamkulisikia. Nami wino umeniishia hapa, kwa kusudi.